Rosti ya sufuria: Neno nililolikata kwa wino mwekundu

Nilipokuwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya msingi upande wa magharibi wa Nairobi, nilimkosoa mwanafunzi wa darasa la saba kwa jambo ambalo leo nataka kulikiri hadharani. Insha ilihusu Jumapili nyumbani. Mtoto yule aliandika kwamba babake, aliyekuwa mpishi katika nyumba moja ya Lavington, alikuwa akija nyumbani Kangemi kila Jumapili ya mwisho wa mwezi na kuwapikia "nyama rosti kwenye sufuria". Nilichukua kalamu ya wino mwekundu nikaikata sentensi nzima. Pambizoni nikaandika: "Nyama huokwa. Tena huokwa kwenye tanuri, si kwenye sufuria."

Siku ya kurudisha madaftari alinijia, daftari mkononi. "Lakini mwalimu," akasema, "kwetu hatuna oveni."

Darasa zima likaangua kicheko, nami nikacheka nalo. Nilidhani mtoto anatafuta udhuru. Imenichukua miaka mingi kutambua kwamba alikuwa ananipa jibu la swali ambalo mimi mwalimu wake sikuwa nimejiuliza: neno hili "rosti" lilifikaje jikoni mwa watu wasiokuwa na oveni, na lilipofika likafanya nini huko?

Wanaolikataa neno hili hutoa sababu mbili. Kwanza, wanasema ni neno la Kiingereza tulilolibeba bila haja ilhali tunacho kitenzi chetu "oka". Pili, wanasema kwamba hata tukilikubali, tunalitumia visivyo. Kwa Mwingereza wa leo, rosti ni nyama iliyoivishwa kwa joto kavu la oveni. Kwetu, ukiagiza maini rosti Mombasa au nyama rosti Dar es Salaam, utaletewa sahani yenye rojo zito la vitunguu na nyanya. Kwa hiyo, wanahitimisha, tumekopa neno na kuliharibu.

Tuanze na sababu ya kwanza. Ni kweli kwamba Kiswahili hakina uhaba wa vitenzi vya jikoni. Kuchoma ni kuivisha chakula motoni moja kwa moja. Kubanika ni kukitunga kwenye kijiti au kukitandaza juu ya makaa. Kuoka ni kukiivisha kwa joto lililokizingira, bila maji. Kukaanga kunahitaji mafuta. Kutokosa ni kuchemsha pasipo viungo. Kuunga ni kutia viungo vinavyokipa chakula ladha yake.

Sasa chukua pande la nyama ya ng'ombe la kilo mbili, zima, lisilokatwakatwa. Ligeuzegeuze kwenye mafuta kidogo hadi lipate rangi ya kahawia kila upande. Tia vitunguu na viungo, ongeza maji yasiyozidi theluthi moja ya kimo cha nyama, funika sufuria vizuri, kisha uliache kwa moto mdogo saa tatu au zaidi. Je, huko ni kukaanga? Ni mwanzoni tu. Ni kutokosa? La, maji hayatoshi, na isitoshe viungo vimo. Ni kuoka? Joto limeizingira nyama, lakini pana mvuke tele. Hapa pana vitenzi vitatu ndani ya sufuria moja, na hakuna hata kimoja kinachoweza kuubeba upishi wote peke yake. Waingereza nao walipofika hapo walilazimika kuunganisha maneno mawili, wakasema 'pot roast', yaani rosti ya chungu.

Sababu ya pili nayo haina mashiko ukiitazama historia ya Kiingereza chenyewe. Kwa karne nyingi, rosti ya Mwingereza ilikuwa nyama iliyochomekwa kwenye chuma kirefu na kuzungushwa mbele ya moto wa wazi. Kilichopikwa ndani ya oveni kilihesabiwa kuwa kimeokwa, si rosti. Majiko ya chuma yaliyofungwa yalipoenea majumbani, hasa katika karne ya 19, moto wa wazi ukaondoka na nyama ikahamia ndani ya oveni, lakini jina la zamani likabaki. Waama, Waingereza walilihamisha neno lao kutoka kwenye moto hadi kwenye oveni pasipo kuomba radhi. Kwa nini sisi tuone haya kulihamisha kutoka kwenye oveni hadi kwenye sufuria?

Ili kuelewa uhamisho huo ulivyotokea, hatuna budi kurudi Nairobi ya zamani.

Reli kutoka Mombasa ilifika mahali palipoitwa na Wamaasai kwa jina la maji baridi mwaka 1899. Kufikia 1905 makao makuu ya serikali ya kikoloni yalikuwa yamehamishwa kutoka Mombasa hadi hapo. Mji ulipokua uligawanywa kwa rangi. Wazungu walijitengea nyanda za juu za magharibi, penye miti na hewa safi: sehemu za Westlands, Kileleshwa, Kilimani, Lavington na, mbali kidogo, Karen. Waafrika walisukumwa mashariki, kwenye mitaa kama Pumwani iliyopangwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Hata hivyo, kila nyumba ya magharibi ilihitaji mtu wa kuipikia, na mtu huyo, aghalabu mwanamume, alilala nyuma ya nyumba ya bwana wake katika chumba ambacho hadi leo matangazo ya nyumba za kupanga Nairobi hukiita "esikyuu". Alitembea na kipande chake, na ndani ya kipande hicho mwajiri aliandika alivyotaka kuhusu kazi yake. Asiyejua kupika rosti ya Jumapili alikuwa hatarini kufutwa kazi.

Mwaka 1928 unanivutia zaidi kuliko miaka mingine yote ya kisa hiki. Mwaka huo mambo matatu yalitukia, na sijawahi kuyaona yakiwekwa pamoja kwenye ukurasa mmoja.

La kwanza linajulikana na kila mwanafunzi wa historia ya lugha yetu. Wajumbe walikutana Mombasa na kuamua kwamba Kiunguja ndicho kitakachokuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Miaka miwili baadaye, mnamo 1930, Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi ya kusanifisha maneno, tahajia na vitabu vya shule.

La pili halifundishwi darasani. Jijini Nairobi, chama cha wanawake wa Kanisa la St Andrew's kilichapisha kitabu cha mapishi na utunzaji wa nyumba kwa ajili ya walowezi wa Kenya. Kitabu hicho kilichapishwa tena na tena kwa miongo mingi. Pamoja na maelezo ya mapishi, mlikuwa na msaada wa Kiswahili cha kumwelekeza mpishi. Kwa maneno mengine, wakati wataalamu walipokuwa wakikichagulia Kiswahili msingi huko Mombasa, Kiswahili kingine kilikuwa tayari kinafanya kazi katika majiko ya Nairobi. Wanaisimu hukiita Kisetla: Kiswahili cha kuamrisha, kisichojali sana ngeli wala upatanisho. Mnamo 1936, F. H. Le Breton alitoa kitabu cha kufundisha Kiswahili cha bara kilicholengwa kwa askari, mlowezi, mchimba madini, mfanyabiashara na wake zao. Lugha ya jikoni ikawa na kitabu chake kabla ya kamusi maarufu ya Johnson kutoka mwaka 1939.

La tatu lilitukia Karen, chini ya milima ya Ngong. Mwishoni mwa 1928, mrithi wa kiti cha ufalme wa Uingereza alikula chakula cha jioni nyumbani kwa Karen Blixen, mwandishi wa Kidenmaki aliyekuwa na shamba la kahawa hapo. Aliyepika hakuwa mpishi kutoka Ulaya. Alikuwa kijana Mgikuyu, Kamante Gatura, mtoto wa familia iliyoishi shambani hapo, ambaye Blixen alimkuta akiwa na vidonda vya miguu, akatibiwa katika hospitali ya misheni ya Waskoti, kisha akaingia jikoni kusaidia kazi na kugeuka kuwa bingwa. Kamante hakuwa anasoma maelezo ya mapishi. Katika kitabu chake cha 1937, Blixen anasimulia kwamba Kamante aliyahifadhi mapishi kichwani kwa kuyapa majina ya matukio ya siku alipofundishwa: rojo moja lilikumbukwa kwa radi iliyopiga mti, jingine kwa farasi aliyekufa.

Hebu litafakari hilo, msomaji. Wazungu waliandika mapishi yao kwenye kitabu. Mpishi aliyeyatekeleza aliyaandika kwenye kumbukumbu, na kwa majina yake mwenyewe. Bahati ya Kamante ni kwamba mwajiri wake alikuwa mwandishi. Wapishi wengine wa magharibi ya Nairobi hawakuandikwa popote isipokuwa kwenye vipande vyao.

Nao walikuwa wanapikia kwenye nini? Jikoni mara nyingi kulijengwa kando ya nyumba kubwa, ili moshi na hatari ya moto vikae mbali na mabwana. Waliobahatika walikuwa na jiko la chuma la kuni, maarufu kwa jina la Dover, lenye oveni ndogo ubavuni. Safarini, na kwenye nyumba zisizo na jiko hilo, mpishi alijitengenezea. Debe la mafuta ya taa lililolazwa juu ya mawe na kuzungushiwa makaa liligeuka oveni. Au alichukua sufuria nzito, akaifunika, akaweka makaa chini na mengine juu ya kifuniko.

Mbinu hii ya mwisho haikuhitaji mwalimu kutoka Ulaya. Mwanamke wa pwani anayepika wali wa nazi anaijua tangu jadi. Husema ameupalia moto juu na chini. Makaa ya juu hukausha na kuivisha, ya chini huchemsha, na chungu chenyewe hugeuka tanuri dogo. Hata neno "sufuria" lina asili ya kale kuliko mkoloni, kwani linatokana na neno la Kiarabu la shaba. Hivyo basi, mpishi wa Nairobi alipoambiwa apike rosti na hakuona oveni, alikuwa na sufuria yake na ujuzi wa kupalia. Rosti ikaingia sufuriani.

Sharti tukiri kwamba njia ya neno haikuwa moja. Wagoa waliokuja Kenya kufanya kazi kwenye ofisi za reli na serikali walikuwa na rosti yao ya nyama ya ng'ombe, ambayo hupikwa ndani ya sufuria juu ya jiko kwa siki, tangawizi, kitunguu saumu na viungo vikali. Huko Kerala, kusini mwa India, hata mayai hupikwa rosti: mayai ya kuchemsha yaliyozamishwa kwenye rojo zito la vitunguu, ambayo hayajawahi kuonja joto la oveni. Kumbe neno lile la Kiingereza lilipata maji pande zote za Bahari ya Hindi, popote lilipopokelewa na watu waliokuwa na sufuria na moto wa chini. Kwa hiyo simpi mpishi wa Lavington peke yake sifa ya kulibuni. Ninachodai ni kwamba alikuwa miongoni mwa waliolifanyia kazi, na kwamba kosa nililodhani ni la mtoto wa darasa la saba lilikuwa desturi ya eneo zima la dunia.

Kwa nini lakini rosti ilipohama kutoka meza ya bwana hadi nyumbani kwa mpishi ilizidi kuwa na rojo? Naona sababu tatu.

Ya kwanza ni nyama. Vipande laini vilikwenda kwenye nyumba kubwa. Mpishi alinunua kwa mshahara wake kidari, shingo au bega la ng'ombe aliyetembea maili nyingi akila nyasi. Nyama ya namna hiyo imejaa nyuzi ngumu za kolajeni. Ukiitia kwenye joto kavu hukauka na kuwa kama ngozi ya kiatu. Ukiiweka kwenye unyevu na joto la wastani kwa saa kadhaa, kolajeni hugeuka polepole kuwa jelatini, ule utelezi unaofanya mchuzi ushike midomo, na nyuzi za nyama huachana zenyewe. Mstahimilivu hula mbivu. Hapa methali na kemia zinasema kitu kimoja.

Ya pili ni moto. Makaa machache ndani ya jiko hayawezi kutoa joto la oveni, lakini yanaweza kutoa joto dogo kwa muda mrefu. Nairobi tena iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, si 100 kama Mombasa. Ndiyo sababu maharagwe na nyama huchukua muda mrefu kuiva bara kuliko pwani, na ndiyo sababu kifuniko kinachobana ni muhimu zaidi hapa.

Ya tatu, na kwangu ndiyo kubwa, ni midomo. Meza ya bwana ilikuwa na watu wanne na kisu cha kukatia vipande vyembamba. Nyumba ya mpishi ilikuwa na watoto sita, pengine na jamaa aliyekuja mjini kutafuta kazi. Pande kavu la nyama haligawanyiki kwa watu tisa. Mchuzi hugawanyika. Kipande kidogo na vijiko viwili vya rojo humalizia ugali sahani nzima. Mama anayeongeza maji kidogo sufuriani mgeni anapobisha hodi hajaharibu rosti, amemkaribisha mgeni.

Wala rosti si neno pekee lililopitia njia hii. Ingia leo kwenye hoteli yoyote ya kawaida katikati ya jiji, kuanzia River Road hadi Tom Mboya Street, uagize "karanga". Hutaletewa njugu. Utaletewa nyama yenye mchuzi. Asili yake ni kitenzi "kaanga", ambacho wengi hukitamka "karanga", na ambacho kamusini hakina hata tone la maji. Hoteli hizohizo zina "weti frai" kwenye orodha, yaani ya kukaangwa yenye majimaji, jambo ambalo ukilichambua kwa mantiki kavu halina maana, ila kila mlaji analielewa. Mayai ni "boilo". Nyama ni "choma", si "ya kuchoma" wala "iliyochomwa". Muundo wenyewe, nomino ikifuatwa na shina tupu la kitenzi, si wa kitabuni, lakini una utaratibu: nyama choma, mayai chemsha, ng'ombe karanga. "Nyama rosti" imekaa humo kama iliyozaliwa humo. Lugha ya jikoni ina sarufi yake, na sarufi hiyo haikutungwa na kamati.

Majuzi niliamua kuipika mwenyewe, maana si vizuri mtu kuandika juu ya chungu ambacho hajakipakua. Nilikwenda City Market, lile soko la Muindi Mbingu Street lililojengwa enzi ya ukoloni, ambamo wauza nyama bado wanaita wateja kwa sauti.

"Mzee, karibu. Nikukatie ya stu?"

"Nataka kidari kilo mbili. Usikate."

"Usikate?" Akanitazama. "Hiyo si itaiva kesho?"

"Nina siku nzima."

Akacheka, akaipima nzima. Nyama ya namna hiyo ungeipata pia kwa bei nafuu karibu na machinjio ya Dagoretti, huko magharibi, yanayoilisha sehemu kubwa ya jiji.

Nyumbani niliikausha kwa kitambaa safi, kwa sababu nyama yenye maji juu haipati rangi. Hutoka mvuke tu. Niliipaka chumvi na pilipili manga. Sufuria ilikuwa nzito, maana nyepesi huunguza. Niliipasha mafuta vijiko viwili, nikaitia nyama na kuiacha bila kuichokora, dakika nne au tano kila upande, mpaka ikawa na rangi ya udongo mwekundu. Nikaiopoa. Katika mafuta yaleyale nikatia vitunguu maji vitatu, kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, halafu nyanya nne, nikikwangua masizi matamu yaliyoshika chini, kwani humo ndimo rangi ya mchuzi inamotoka. Nikairudisha nyama, nikatia vikombe viwili vya maji ya moto na kijiti cha rozmari, ule mmea wenye harufu kali unaopandwa kwenye nyua nyingi za Lavington na Kileleshwa. Nikafunika. Moto nikaushusha hadi mchuzi ukawa unapumua tu, kiputo kimoja hapa, kingine pale. Ukichemka kwa nguvu nyama hukaza.

Baada ya saa mbili niliigeuza na kuongeza karoti na viazi vilivyokatwa vikubwa. Baada ya saa tatu na nusu uma uliingia na kutoka bila kupingwa. Niliiepua, nikaiacha robo saa kabla ya kuikata, huku mchuzi nikiuacha jikoni bila kifuniko ili uwe mzito. Ni hayo tu. Kazi ya mikono haizidi nusu saa. Iliyobaki ni kazi ya moto.

Nilipikia gesi, kwenye kile kimtungi kidogo chenye kichomeo juu yake ambacho Nairobi nzima inakiita "meko". Neno hilo nalo lina kisa. Katika Kiswahili sanifu, meko ni wingi wa jiko. Jiji limelichukua wingi na kuufanya jina la kitu kimoja. Kabla ya meko, mfalme alikuwa jiko la makaa lenye kauri ndani, lililobuniwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 kwa kufuata wazo la jiko la ndoo la Thailand na kufuliwa na mafundi wetu wa jua kali. Kauri ile hutunza joto, makaa yakadumu zaidi, na hivyo ikawa rafiki wa vyakula vya saa nyingi. Leo familia nyingi huhofia kupika rosti kwa sababu gesi ni ghali. Kwao kuna njia ya kale iliyofufuliwa: ichemshe nyama vizuri kwa saa moja, kisha itie sufuria yote, ikiwa imefunikwa na bado inatokota, ndani ya kikapu kilichotandikwa blanketi au matambara mazito, uifunike juu. Itaendelea kuiva bila moto. Kabla ya kula ichemshe tena.

Nilipokuwa nakula nilimfikiria baba wa yule mwanafunzi. Kangemi na Lavington zimetenganishwa na mwendo wa miguu tu, ingawa kwa muda mrefu moja ilihesabiwa kuwa mjini na nyingine kuwa nje. Mwezi mzima alipika kwenye oveni ya wengine. Jumapili moja alikuja kwake, akaweka sufuria juu ya makaa, akawaonjesha watoto wake kile alichokijua. Hakuwa na oveni ya kuwaletea. Alikuwa na ustadi, na neno. Mtoto wake aliliandika neno hilo kwa usahihi, kama alivyolisikia kwa babake. Kisha mwalimu, aliyefundishwa kwamba Kiswahili ni kile kilichoamuliwa Mombasa mwaka 1928, akalikata.

Sisemi kwamba usanifishaji ulikuwa kosa. Bila huo, nisingeweza kukuandikia wewe wa Kisumu, wewe wa Lamu na wewe wa Morogoro kwa pamoja. Wala sisemi kila neno la hoteli liingie kwenye insha ya mtihani. Ninachosema ni kwamba mwalimu anapokutana na neno asilolitarajia, aulize kabla ya kukata. Neno lililotumika jikoni kwa vizazi kadhaa kutaja upishi ambao "oka", "kaanga" na "tokosa" haviwezi kuutaja lina haki ya kupewa fasili yake. Naipendekeza hii: rosti, pande la nyama lililokaangwa kidogo kisha kuivishwa polepole ndani ya sufuria iliyofunikwa, pamoja na rojo lake.

Na wewe uliyekuwa darasa la saba, ambaye sasa huenda una watoto wa kuwapikia: sentensi yako nimeisoma upya. Haikuwa na kosa. Alama nilizokukata ni zako.